Glasi ya Maji Mbele ya Taarifa ya Habari

Kila jioni, kabla taarifa ya habari haijaanza, bibi mwenye nyumba wangu alikuwa na mambo yake matatu. Anajitanda mtandio. Anateremsha miguu kutoka kwenye kochi. Kisha anaweka glasi ya maji mbele ya televisheni, glasi nene yenye ua jekundu ubavuni, maji ya bomba tu. Msomaji akimaliza kusoma, na ramani ya hali ya hewa ikishapita, bibi anaichukua ile glasi, anasema bismillahi, anayanywa yote kwa pumzi tatu.

Usicheke. Mimi nilicheka siku ya kwanza, nikatazamwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka natengeneza kola ya shati. Kwao na kwetu, penye khitma watu huweka maji mbele ya msomaji, na kisomo kikiisha mgonjwa hupewa anywe. Bibi alizaliwa hapa hapa Durban, mjukuu wa watu waliotoka pwani ya Afrika Mashariki zamani sana, na maisha yake yote Kiarabu alikisikia msikitini, msibani na kwenye maulidi. Hakuwahi kumsikia Mwarabu akibishania bei ya nyanya. Basi mwanamume wa tai, mwenye sauti iliyopigwa pasi, akisoma Kiarabu kwa utulivu kwa nusu saa nzima, kwake alikuwa msomaji, na kisomo hakiachwi kipotee bure.

“Najua ni habari, mimi si mjinga,” aliniambia. “Lakini lugha ni ile ile. Lugha ile ukiitia uongo, baba, itapasuka.”

Mimi nimekaa Khartum miaka minne nikisoma. Niliwahi kuuziwa viatu viwili vya mguu wa kushoto kwa Kiarabu fasaha kabisa, muuzaji akiapa kwa Mungu, na lugha haikupasuka. Sikumwambia. Nilikuwa mgeni bado, nimetoka Uvira na begi moja, natengeneza simu kwenye duka dogo karibu na soko, na chumba chake kilikuwa cha kwanza Durban kisichokuwa na watu wengine wanne ndani. Nilimwita Bibi kama yeye alivyotaka. Wenzangu wa dukani walinicheka mpaka wakalia, maana kwetu Kongo bibi ni mke. “Bibi yako anakungoja nyumbani?” wananiuliza jioni. Nilikuwa nawatukana kwa Kifaransa, naondoka.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Point, karibu na bandari, ghorofa ya tatu, jengo la zamani ambalo chumvi ya bahari imekula fremu za madirisha. Kutoka kwenye kochi unaona mwisho wa barabara, na mara nyingine meli kubwa inapita pale kati ya majengo mawili, polepole, bila sauti, mpaka unadhani ni ghorofa inahama. Jioni za pale zina usingizi wake. Unakaa, Kiarabu kinatiririka, mwanga wa televisheni unapita kwenye ile glasi na kuchezacheza darini. Wakionyesha uwanja wa mpira, dari inakuwa ya kijani. Wakionyesha mji unawaka, madoa ya rangi ya chungwa yanaogelea juu ya vichwa vyetu, mazuri ajabu, na bibi amefumba macho anasikiliza. Nimeziota jioni zile mara nyingi tangu wakati ule.

Sasa, bibi alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Alikwenda Sudan kusoma dini, akamaliza, akabaki Umdurman, ng'ambo ya mto kutoka Khartum, akifundisha Kiingereza shuleni. Vita vilipoanza alikuwa ndani. Mtandao ulikuwa unakatika wiki, wiki mbili, halafu simu inaita ghafla na bibi anaiokota kwa mikono miwili. Yule mtoto hakuwa na umeme wala televisheni. Yeye aliye motoni ndiye aliyemuuliza mama yake aliye Durban: huko wanasemaje? Nitoke au ningoje? Mama, utakalosema ndilo nitakalofanya.

Ndiyo sababu ya ile televisheni. Na ndiyo sababu yangu mimi, maana bibi aliposikia kwamba mpangaji mpya anajua Kiarabu, alisujudu pale pale kwenye zulia kushukuru. Kazi yangu ikawa hiyo: niketi kando ya kochi, nimtafsirie.

Uongo wangu wa kwanza haukuhusu Khartum. Ulihusu mama yangu. Bibi alikuwa ananiuliza kila siku, “Mama hajambo?” nami najibu, “Hajambo, anakusalimu.” Siku moja dukani, nikiwa nimeshika kioo cha simu ya mtu kwa koleo, ulifika ujumbe wa sauti kutoka kwa jirani yetu wa Uvira. Nikauweka sikioni huku naendelea na kazi. Mama alikuwa amekufa siku tisa zilizopita, wakati watu wanakimbia mapigano, na waliomzika hata si ndugu. Nilimaliza kubandika kile kioo. Nilifika nyumbani, bibi akaniuliza, “Mama hajambo?” Nikasema, “Hajambo, anakusalimu.” Ulimi ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Kesho yake ulikwenda tena, na keshokutwa, na mama yangu akawa anaishi Point, ghorofa ya tatu, anatuma salamu kila jioni.

Mtu aliyeanza hivyo, Sudan itamshinda?

Na ile stesheni yenyewe ilinisaidia kudanganya, wallahi. Nilikuwa nakasirika mpaka masikio yanapiga kelele. Vita vimoja vilipewa nusu saa, na waliokufa humo waliitwa mashahidi, wale wa peponi. Vita vingine vilipewa dakika mbili, na waliokufa waliitwa waliouawa. Sudan ilikuja kabla tu ya mpira, siku ikija, na wafu wake walikuwa waliofariki, utadhani wameugua homa. Kongo yetu haikuitwa kitu chochote. Wafu wetu hawakuwa na neno katika Kiarabu kile kizuri. Siku moja niliyasema haya dukani, na mwenzangu mmoja, shemasi wa kanisa lao, akapiga kofi la furaha.

“Si nilikwambia? Hao Waarabu wako na upande!”

“Na ile televisheni yako ya Kifaransa haina upande?”

“Ile inasema ukweli.”

“Imesema lini Uvira?”

Akachukua bisibisi. “Eish,” akasema, “basi sisi iko nani anatusema?” Mteja alikuwa ameshaingia.

Nyumbani bibi alikuwa anangoja, mtandio kichwani, maji mezani. Habari inaanza, inakwenda, inakwisha, na Khartum haikutajwa. Anafumbua macho, ananigeukia. “Wamesemaje kwa mwanangu?” Mara ya kwanza nilisema kweli: hawakusema kitu. Uso wake ulikunjamana, na usiku ule hakula. Mara ya pili nikasema, “Wamesema Umdurman kumetulia kidogo.” Akala. Alikula wali, akaniongezea na mimi, akanisimulia habari za bibi yake aliyemfundisha Kiswahili jikoni. Basi hivyo ikaendelea. Leo maji yamerudi kwenye mabomba. Leo malori ya unga yameingia. Nilipanga habari zangu vizuri kuliko yule wa tai, mimi ndiye mhariri, mimi ndiye mwandishi wa kule. Kumbe na mimi nilikuwa na upande, upande wa wali kuliwa.

Lililo baya zaidi ni la yule mtu mwembamba. Siku za Ijumaa alasiri kulikuwa na kipindi cha mjadala, na bibi alikitegea glasi vile vile. Ijumaa hiyo mgeni alikuwa mwandishi mmoja wa vitabu, mashavu yamebonyea, mikono haitulii. Alikuwa anaisema dini kwa hasira. Alisema vita vile vimebarikiwa pande zote mbili na watu wa vilemba, kwamba jenerali akiona baridi huvaa dini kama koti, kwamba tumefundishwa kubusu kitabu bila kukifungua, na kusema amina kwa maneno tusiyoyajua. Mwenzake wa mjadala alikuwa anapiga meza. Mtangazaji alikuwa anamkatiza yule mwembamba kila sentensi ya pili, na yule wa meza akimwachia aseme mpaka achoke.

Na bibi, aliposikia sauti ya mtu inatetemeka hivyo, machozi yakamjaa. “Amina,” akasema. “Amina. Anaomba nini, baba?”

Ningefanya nini? Ningemwambia? Mwanamke mwenye miaka sabini na tano, mtoto wake mmoja yuko chini ya mabomu, na dini ndiyo jabali pekee aliloegemea. Nikasema, “Anawaombea wasafiri, na wafungwa, na walio mbali na mama zao.” Bibi akalia vizuri, kilio cha faraja, akayanywa maji ya yule mtu mpaka tone la mwisho.

Niliona haya. Lakini ilikuwa haya tamu, kusema kweli, ya mtu anayejiona mwema.

Wiki iliyofuata nilitoka kazini mapema, nimebeba mkate na maziwa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Bibi alikuwa amesimama dirishani, simu sikioni, na nyuma yake meli nyekundu ilikuwa inapita mwisho wa barabara. Niliisikia sauti yake, ya furaha.

“Hapana, mwanangu, usiingie barabarani. Waache hao wanaokimbia. Televisheni imesema kwenu kumetulia, kila siku wanasema, na maji yamerudi. Kaa hapo hapo. Karibu kwisha.”

Nilisimama koridoni na mkate wangu. Meli ilikuwa haiishi kupita. Nilifikiri: nitaingia sasa hivi, nimnyang'anye ile simu. Nilifikiri: nitamwambia baada ya magharibi. Niliweka maziwa kwenye friji, nikaosha mikono, nikaketi mahali pangu kando ya kochi. Mungu anisamehe, nilitafsiri na siku ile.

Nilikaa siku mbili nikitafuta namna ya kusema. Siku ya tatu televisheni ikasema kabla yangu.

Ilikuwa habari ya mwanzo kabisa, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa Sudan. Msomaji alitaja mtaa. Bibi hajui Kiarabu, lakini jina la mtaa anaoishi mwanawe analijua, ameliandika kwenye bahasha kwa miaka kumi na tano. Alifumbua macho. Alitabasamu, jamani, alitabasamu.

“Wamemtaja! Mtaa wao! Kasema nini?”

Darini madoa ya chungwa yalikuwa yanaogelea. Nilifungua mdomo na hakuna wema uliotoka. Habari nzuri zote zilikuwa zimeisha ndani yangu.

“Kasema makombora yameanguka sokoni, Bibi. Asubuhi. Watu wamekufa. Hawajui wangapi.”

“Mbona jana kulikuwa kumetulia?”

“Jana hakukutulia. Juzi pia. Hawakuwahi kusema kumetulia. Siku nyingi hawakusema kitu. Ni mimi.”

Hakuelewa kwanza. Nikarudia, na maji ya bomba, na malori ya unga, yote nikayataja moja moja, ya kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya mtandio. Halafu alisema kwa sauti ndogo, “Nimemwambia mwanangu akae.” Akasema tena, “Mimi, kwa mdomo wangu, nimemwambia akae.”

Alipiga simu. Haikwenda. Alipiga mpaka betri ikaisha, nikamletea chaja, akaipokea bila kunitazama. Ile glasi ilibaki pale mbele ya televisheni, imejaa. Asubuhi niliikuta jikoni, tupu, imepinduliwa juu ya kitambaa, na sinki ilikuwa na maji.

Siku tatu hakunisemesha ila la lazima. Hakunifukuza pia, na afadhali angenifukuza. Nilikwenda dukani, nikarudi. Jioni alikaa kichwa wazi, mvi zake zote nje, miguu juu ya kochi, bila maji, akasema, “Soma.” Nami nikasoma kama ilivyo, kavu. Wamesema hiki. Hawakusema kile. Hawa wamewaita mashahidi, hawa wamewaita waliofariki. Wetu wa Kongo hawakuwataja. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia ninavyoona mimi: wenye stesheni wana marafiki na maadui, na maneno yanafuata marafiki. Alitikisa kichwa taratibu.

“Kwa hiyo nao wanaficha. Na wewe unaficha. Na mimi nakunywa.”

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, na yule mwembamba alikuwepo tena. Bibi alimtambua kwa mikono yake. “Huyu mtu wa dua,” akasema. “Ile siku aliomba nini? Sema kweli sasa.”

Nikasema. Nilisema yote: vilemba, koti la jenerali, kitabu kinachobusiwa bila kufunguliwa, amina kwa maneno tusiyoyajua. Nilikuwa nangoja akizime kile kidude au anizime mimi.

“Alimtukana Mungu?”

“Hapana.”

“Alimtukana Mtume?”

“Hapana, Bibi. Aliwasema watu.”

“Basi watu na wasemwe.” Akamtazama yule mwembamba. “Hata mimi kanisema, wa maji. Ananijua kutoka wapi?” Halafu hasira ikampanda, na ilikuwa hasira juu yangu mimi, haikuwa juu ya yule mtu. “Na wewe ulinifungia mlango nisisikie, ukadhani unamlinda nani? Mungu si mgonjwa, baba, umfiche habari mbaya. Na mimi si mgonjwa. Nilikuwa namwitikia amina mtu anayelia, nikadhani anaomba dua!”

Nilisema nisamehe. Alisema, “Ngoja kwanza mwanangu atoke.”

Siku ya nne simu ilikwenda. Bibi hakusalimu. Alisema, “Toka. Leo. Nilikudanganya, sikujua kama nakudanganya, toka.” Nilimsikia mtoto wake akianza kuuliza, laini ikakatika.

Kisha zilikuja siku kumi na tano ambazo sina maneno nazo. Basi gani, barabara gani, nani kashika kizuizi, hatukujua. Nilikuwa najua kwamba yule mtu akifa, nitakuwa nimemwua mimi, na kwa nia njema. Dukani niliharibu simu mbili. Yule shemasi alinisogelea, akaniambia kanisani kwao wamemwombea mtoto wa bibi yangu, na safari hiyo hakucheka aliposema bibi yangu. Nyumbani nilisoma habari, kavu, kila jioni. Mji wa Durban uliendelea kuwa mzuri nje ya dirisha, jambo lililonikera sana. Meli zilipita. Bibi aliswali, na baada ya kuswali alikuwa ananiuliza maana ya maneno aliyoyasoma tangu utotoni, neno kwa neno, nami nikamweleza yale ninayoyajua, na nisiyoyajua nikasema siyajui. “Kumbe ndiyo haya,” alikuwa anasema. “Kumbe ndiyo haya nimekuwa nikisema.”

Siku ya kumi na tano, mchana wa Jumapili, simu iliita kwa namba ya Misri. Nilijua kwa jinsi alivyokaa chini. Hakuketi kochini, alikaa sakafuni, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto, akisema, “Ndiyo. Ndiyo. Umekula? Ndiyo.” Nilikwenda jikoni nikashika ukingo wa sinki, nikalia na bomba likiwa wazi asinisikie. Alinisikia.

Alipokata simu alipita nyuma yangu, akachukua ile glasi yenye ua jekundu, akaijaza. Nikadhani anakwenda kuiweka mahali pake, mbele ya televisheni. Televisheni ilikuwa imezimwa. Alivuta kigoda, akaniketisha, akaweka ile glasi juu ya meza mbele yangu. Akajitanda mtandio. Akaketi, miguu chini.

“Mwaka mzima nimekusikiliza habari za wengine,” akasema. “Kwenu hawatatajwa, umeniambia mwenyewe. Taja wewe. Mama hajambo?”

Ulimi ulikwenda, kwa mazoea, nikaurudisha.

Nikamwambia. Nikamwambia siku tisa, na jirani, na kile kioo nilichokibandika mpaka mwisho. Nikamwambia sijui kaburi liko upande gani wa barabara. Nilisema kwa Kiswahili chetu, cha nyumbani, kibovu, bila kupanga kitu, na nilipokwama alingoja. Hakusema amina hata mara moja. Nilipomaliza alisema, “Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun,” polepole, kisha akaisema tena kwa Kiswahili ili tuisikie wote wawili: sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea.

Halafu akaichukua glasi, akasema bismillahi, akanywa nusu. Nusu akanisukumia mimi.